Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kucheza John Company na Marafiki

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaoalikwa kwa mara ya kwanza kwenye meza ya mchezo huu, na pia kwa wale wa Masasi, Nachingwea, Newala au Kilwa wanaofikiria kuanzisha meza yao wenyewe. Maswali haya tumeulizwa na watu waliokaa nasi mezani, na majibu yanatokana na kanuni za mchezo, historia inayofahamika na desturi tulizojiwekea. Pale ambapo jibu ni desturi yetu tu na si kanuni, tumesema hivyo wazi.

Mchezo huu unahusu nini hasa?

John Company ni mchezo wa ubao uliobuniwa na Mmarekani Cole Wehrle. Toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 2017, na la pili, ambalo ndilo tunalolizungumzia hapa, lilitoka mwaka 2022 kupitia Wehrlegig Games, kampuni ndogo ya Cole na ndugu yake, Drew Wehrle. Jina la mchezo ni jina la utani ambalo Waingereza waliipa Kampuni yao ya India Mashariki, ile iliyopewa hati ya kifalme na Malkia Elizabeth I tarehe 31 Desemba 1600 ili iwe na haki ya pekee ya kufanya biashara ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema, na ambayo katika karne mbili na nusu zilizofuata iligeuka kutoka ushirika wa wafanyabiashara kuwa dola yenye jeshi, mahakama na watoza kodi wake.

Wachezaji huwa mmoja hadi sita, na kila mmoja huongoza familia ya Kiingereza inayotaka kupanda daraja. Jambo la kulielewa mapema kuliko yote ni kwamba hakuna mchezaji aliye Kampuni yenyewe. Kampuni ni mali ya wote na si ya yeyote: ina hazina moja, madeni yake, meli zake na ofisi zake, na watu wa familia zenu ndio wanaozishika ofisi hizo kwa muda. Mtu huingia katika ofisi akiwa na fedha za Kampuni mkononi na hesabu ya nyumba yake kichwani. Mambo mengine yote ya mchezo huu, mazuri na mabaya, huzaliwa na hali hiyo.

Mtu anashindaje?

Kwa heshima inayonunuliwa na wastaafu. Kijana wa familia hupelekwa India akiwa karani au ofisa wa jeshi, hupanda cheo, hujipatia fedha, kisha siku moja huondoka katika utumishi na kurudi London. Huko familia hutumia fedha zake kumpatia majumba, mashamba na nafasi katika jamii ya wakubwa, na vitu hivyo ndivyo vinavyohesabiwa kuwa pointi. Kwa hiyo fedha tupu hazitoshi, na cheo kitupu hakitoshi. Unahitaji mtu anayestaafu wakati ambao fedha zipo. Wageni wengi hushangaa kuona mchezaji aliyetajirika mapema akiachwa nyuma kwa sababu watu wake hawakutoka ofisini kwa wakati.

Zamu moja huendaje?

Kwanza kila familia hufanya tendo lake la nyumbani, kama vile kumwandikisha karani, kumpeleka ofisa jeshini, kutafuta hisa ya Kampuni au kuwekeza katika ujenzi wa meli. Kisha ofisi zilizo wazi hujazwa, na kila ofisi ina mtu mwenye mamlaka ya kuajiri pamoja na kundi la wanaostahili kuajiriwa. Baada ya hapo Kampuni yenyewe hufanya kazi: Mwenyekiti hugawa fedha za hazina kwa ofisi, na wenye ofisi huzitumia kwa utaratibu, yaani wa biashara, wa meli, wa jeshi, halafu marais watatu, yaani wakuu wa Kampuni huko Bombay, Madras na Bengal nchini India. Mapato huingia, madeni hushughulikiwa, gawio hutolewa au halitolewi. Kisha matukio ya India hufunuliwa, Bunge la Uingereza hukaa, na mwishoni dadu huamua ni nani wanaondoka katika utumishi.

Orodha hiyo huonekana ndefu inaposomwa kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, mgeni hahitaji kuishika yote. Akijua ofisi aliyonayo, fedha alizopewa na mtu anayemtegemea katika zamu hiyo, ameshaweza kucheza.

Kwa nini mnasema kwamba mchezo wenyewe ni mazungumzo?

Kwa sababu karibu kila ofisi haina maana bila ofisi nyingine. Rais wa Bengal anaweza kuwa na mahitaji mengi ya bidhaa ya kujaza, na makarani wengi wanaosubiri kulipwa, lakini bila meli katika bahari ya upande wake hawezi kupakia kitu. Meli hupangwa na mshika ofisi ya meli, ambaye bila fedha za kutosha hawezi kununua wala kukodi. Fedha hizo zimo mikononi mwa Mwenyekiti, ambaye amechaguliwa kwa kura za wenye hisa na anajua kwamba kura hizo zinaweza kumwondoa. Na wenye hisa, nao, wanataka gawio zamu hii hii.

Basi husikia mtu akisema: "Kaka Mwenyekiti, ukiniongezea pauni mbili za Bengal, makarani wako wawili walioko kwangu watalipwa wa kwanza." Mwingine hudakia: "Usimsikilize, mzee. Zamu iliyopita alipewa tatu na akaambulia patupu. Zilete Bombay, mahitaji ni machache lakini ni ya uhakika." Hapo hapo mshika meli, ambaye alikuwa kimya, hukumbusha kwamba bila yeye wote wawili hawapakii kitu, na kwamba ana binamu anayetafuta kazi. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo moyo wa mchezo. Anayeinamia ubao kimya akitafuta hatua bora kama anavyofanya kwenye bao la kete atapitwa na mambo, kwa maana kwenye bao kila kitu kimo mbele ya macho yenu wawili na maneno hayaongezi kete hata moja, ilhali hapa hatua yako bora imo katika uamuzi wa mtu mwingine.

Tunawasihi wageni waseme wanachotaka kwa sauti, hata kama wanaona haya. Katika malezi yetu ya pwani mtu hufundishwa kutolilia cheo na kutojisifu mbele ya wakubwa, na adabu hiyo ni njema, lakini hapa kunyamaza huku ukitaka ofisi ni kuwanyima wenzako habari wanayoihitaji ili wapatane nawe. Kijana anaweza kumwomba mzee kura kwa heshima zote na bado akaomba waziwazi.

Je, ahadi inayotolewa mezani inamfunga mtu?

Desturi ya meza yetu ni hii: mapatano yanayokamilika papo hapo, kama vile kutoa fedha na kupewa ofisi kwa wakati mmoja, lazima yatekelezwe, ahadi ya zamu zijazo haimfungi mtu ila kwa neno lake. Toleo la pili lina kadi za ahadi, ambazo mchezaji humkabidhi mwenzake kama sehemu ya mapatano, nazo husaidia sana kwa sababu deni la maneno hupata umbo linaloshikika. Someni sehemu hiyo ya kitabu cha kanuni pamoja kabla ya kuanza, si katikati ya mchezo wakati watu wawili tayari wamekunja uso.

Nawaomba wachezaji wapya waangalie hasa bei ya haraka. Anayehitaji pauni tatu sasa hivi atatoa ahadi kubwa kupita kiasi, na anayezo ataijua shida yake. Wakulima wa mkoa huu wanaijua hali hiyo kwa jina la kangomba: mtu anauza korosho kwa mnunuzi wa mlangoni kabla ya msimu, kwa bei ya chini, kwa sababu ada ya shule au ugonjwa umetangulia mavuno. Mchezaji anayeuza kura za hisa zake katika zamu ya kwanza ili apate nauli ya karani mmoja hufanya jambo la aina hiyo, na mara nyingi hutumia nusu ya mchezo akiilipa pauni moja. Kabla ya kukubali, waulize wachezaji wengine wote wangetoa nini. Bei hupanda pale tu wanunuzi wanaposikiana, na ndiyo sababu mnada wa korosho unaofanywa mbele ya wakulima wenye haki ya kukubali au kukataa una faida kuliko mazungumzo ya watu wawili nyuma ya nyumba.

Je, mtu akivunja ahadi? Amevunja ndani ya mchezo, na wenzake wana haki ya kumkumbuka katika zamu zote zilizobaki. Hatumruhusu mtu kubeba jambo hilo hadi mchezo wa wiki ijayo, na wala hatumruhusu mtu kuahidi kitu kilicho nje ya mchezo, kama vile kumlipia mwenzake bodaboda au kumsaidia kazini. Kanuni hii ya pili ni yetu, na hatuilegezi kwa yeyote.

Dadu zina nafasi gani? Si bahati tu?

Bahati ipo, lakini inanunuliwa. Mwenye ofisi anapojaribu jambo, kwa kawaida hutoa fedha, na idadi ya dadu anazorusha hufuata fedha alizotoa. Kisha dadu yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotazamwa: ikiwa ni 1 au 2, amefaulu, ikiwa ni 3 au 4, ameshindwa, ikiwa ni 5 au 6, ni maafa, na maafa humgusa mwenye ofisi mwenyewe.

Hesabu yake ni rahisi na kila mchezaji anapaswa kuijua. Dadu moja hukupa nafasi moja kati ya tatu ya kufaulu, na nafasi hiyo hiyo ya maafa. Dadu mbili hukupa nafasi tano kati ya tisa za kufaulu, yaani kama asilimia 56, na maafa hupungua hadi nafasi moja kati ya tisa. Dadu tatu hufikia kama asilimia 70, na maafa hubaki nafasi moja kati ya 27. Dadu nne ni kama asilimia 80, na ya tano huongeza kama asilimia saba tu. Maana yake ni kwamba pauni ya pili ina thamani kubwa mno, ya tatu ni ya busara, na kuanzia ya tano Mwenyekiti ana haki ya kuuliza kwa nini fedha hizo zisiende ofisi nyingine.

Ukizijua namba hizo, mazungumzo yako hubadilika. Badala ya kusema "niongezee kidogo," unaweza kusema: "Kwa pauni moja unanituma kwenye maafa mara moja kati ya tatu, nipe ya pili au usinitume kabisa." Hoja ya namna hiyo ni vigumu kuikataa mbele ya watu. Nimeona meza nzima ikimgeukia Mwenyekiti aliyegawa pauni moja moja kwa kila ofisi kwa jina la usawa, kwa sababu mgawo huo, ingawa ulionekana wa haki, uliiweka kila ofisi mahali pabaya zaidi.

Kuna fedha na dadu. Je, si kamari?

Hatuchezi kwa fedha halisi, hata shilingi mia, wala kwa chakula atakacholipa aliyeshindwa. Tunafahamu pia kwamba wapo wanazuoni wanaokataza michezo ya dadu hata pasipo dau. Mwenzetu mwenye msimamo huo hatumbishii wala hatumshawishi. Tunaheshimu uamuzi wake na kumkaribisha katika michezo mingine isiyo na dadu.

Kampuni ikifilisika, wote tumeshindwa?

Hapana, na jibu hilo huwashtua wengi. Kampuni ikianguka mchezo hufikia mwisho, na familia iliyokwisha kuwastaafisha watu wake vizuri inaweza kuibuka na ushindi juu ya magofu hayo. Kwa hiyo kuna wakati ambapo wachezaji wawili wanajitahidi kwa dhati kuiokoa hazina, na wa tatu, ambaye ameshahamisha kila kitu London, hana tena sababu ya kujali. Kumtambua mtu huyo mapema ni kazi ya kila mmoja mezani.

Historia yenyewe iko hivyo. Kampuni ilipopata haki ya kutoza kodi Bengal mwaka 1765, wenye hisa walitarajia utajiri usio na kikomo na gawio likapandishwa. Kufikia mwaka 1772 hazina ilikuwa imekauka. Serikali ya Uingereza iliikopesha pauni milioni 1.4 mwaka 1773, ikaibana kwa sheria ya kuidhibiti, na mwaka huo huo ikapitisha sheria ya chai iliyoisaidia Kampuni kuuza shehena yake Marekani, ambako mwezi Desemba watu wa Boston waliimwaga chai hiyo baharini. Wakati wote huo watumishi wengi walikuwa wamerudi kutoka India na mali zao binafsi, wakinunua mashamba na viti vya Bunge. Mwajiri alikuwa mufilisi na waajiriwa walikuwa matajiri.

Wasomaji wa Nachingwea hawahitaji kwenda India kuona taasisi kubwa ikianguka na fedha zisizo zake. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na kuenea hadi Urambo na Nachingwea, ulisitishwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli iliyokwenda bara zilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Reli iling'olewa, bandari ikabaki. Mpango ule haukuwa na familia zinazoshindania majumba ya London, na hivyo haulingani na mchezo huu kwa kila kitu, lakini swali lake ni lile lile: anayeamua anatumia fedha za nani, na akikosea nani analipa?

Je, ni sawa kwetu sisi kucheza upande wa wakoloni?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na hatumchezeshi mtu kabla hajapata nafasi ya kuliuliza.

Mchezo haumtukuzi mkoloni, wala haumfanyi mchezaji asahau anachofanya. Unamweka ndani ya ofisi na kumwonyesha jinsi maamuzi ya kawaida ya mtu anayetaka kumtafutia binamu kazi yanavyojumlishwa hadi kuwa vita. Rais anayehitaji fedha hupendekeza kampeni ya kijeshi kwa sababu ofisa wa familia fulani amekaa bila kazi na anataka nyara. Hakuna aliyesema anawachukia Wahindi. Hakuna hata aliyewataja. Nilipoliona jambo hilo likitokea mezani kwa mara ya kwanza, kati ya watu wema ninaowafahamu, nilielewa historia kwa namna ambayo darasani sikuwahi kuielewa.

Hata hivyo mchezo una mipaka yake na ni wajibu wa mwenyeji kuisema. Njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1770, iliyoua mamilioni kwa makadirio ya kawaida huku Kampuni ikiendelea kutoza kodi ya ardhi, haiwezi kuwakilishwa na kadi. Wakulima, wafumaji na askari wa Kihindi hawana kiti mezani. India ya kwenye ubao ina nguvu zake: maeneo yanaweza kuungana kuwa dola, kushambuliana na kuasi, nayo huivuruga mipango ya Kampuni mara kwa mara, lakini hakuna anayezungumza kwa niaba yake katika mapatano.

Hali hiyo ina mfano wake hapa hapa Kusini. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20, sarafu za fedha za wakati huo, kwa kila mtu. Mkataba huo ulikuwa na pande mbili, bei, kiasi na muda, yaani kila kitu kinachotakiwa katika mapatano mazuri. Waliouzwa hawakuwamo chumbani. Kila ninapomfundisha mgeni mchezo huu humweleza habari ya mkataba ule kabla ya kugawa kete, kisha humwomba, katika kila mapatano atakayoyasikia, ajiulize ni nani ambaye hayumo mezani. Wapo waliosikiliza wakaamua kutocheza. Tumekunywa nao kahawa yetu na kuzungumza mambo mengine, na hakuna aliyewalaumu.

Pwani yetu ipo kwenye ubao?

Haipo. Ubao unaonyesha maeneo manane ya India, bahari zake, na mambo ya London. Lakini meli za Kampuni hazikuwa mbali nasi: nyingi zilipita Mlango-Bahari wa Msumbiji na kutia nanga Nzuwani, katika visiwa vya Ngazija, ili kupata maji, matunda na nyama, kisha zikaendelea kwa upepo wa kusi. Na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao kutoka Kutch, magharibi mwa India, ndio waliokuwa wakikopesha mitaji ya misafara kutoka Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Anayependa kuupanua mchezo kwa mazungumzo ana mengi ya kuzungumza.

Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza. Asiyekijua vizuri atacheza?

Atacheza, mradi mtu mmoja mezani amezisoma mapema na kwa makini. Sisi tumeandika kwa Kiswahili karatasi moja kwa kila ofisi, ikieleza mwenye ofisi anafanya nini, kwa fedha gani, na anamwajiri nani. Kadi zenye maneno husomwa kwa sauti na kufafanuliwa kwa wote kwa wakati mmoja, ili anayejua Kiingereza asiwe na siri ambayo mwingine hana. Mazungumzo yote hufanywa kwa Kiswahili, hata kama wapo wanaopenda kuchanganya, kwa sababu mtu hujadili bei vizuri zaidi kwa lugha aliyoizoea.

Unachukua muda gani, na tujiandae vipi?

Mara ya kwanza tengeni mchana mzima, kuanzia baada ya sala ya adhuhuri hadi karibu na magharibi, na mapumziko ya alasiri katikati. Mezani pasiwe na feni inayoelekea ubao wala dirisha lililo wazi upande wa bahari. Wanaokaa Shangani, mtaa wa pwani wa Mtwara, wanajua upepo wa pale unavyoweza kutawanya kadi. Kadi na karatasi hufyonza unyevu wa pwani, hivyo zihifadhiwe katika kopo linalofunga vizuri. Korosho za kukaanga ziliwe wakati wa mapumziko, mbali na meza, na mikono ioshwe. Mafuta yake hayatoki kwenye kadi. Kahawa iwekwe kwenye stuli ya pembeni.

Wachezaji wangapi ndiyo idadi nzuri?

Wanne au watano. Wakiwa watatu, mmoja hushika ofisi nyingi mno na hana wa kumbembeleza; wakiwa sita, mazungumzo hunoga lakini zamu hurefuka.

Tukigombana?

Simamisheni mchezo, si urafiki. Mwenyeji, au mkubwa wa umri aliyepo, ana haki ya kusema "tupumzike," na hakuna anayembishia. Mara nyingi ugomvi hutokana na mapatano yaliyosemwa nusu: mmoja alisikia "nitakuunga mkono," mwingine alikuwa na maana ya "nitafikiria." Ndiyo sababu tunadai kila mapatano yarudiwe kwa sauti na upande wa pili kabla ya kuhesabiwa kuwa yamefanyika. Kwa wana ndoa na kwa ndugu wa damu nina ushauri mmoja: wasipange siri kabla ya kufika, kwa maana wengine watahisi, na meza itakufa.

Tuanze na hali ipi, na baadaye twende wapi?

Hali ni mwaka wa historia ambao mchezo huanzia. Anzeni na ile ya mwaka 1710. Kampuni bado ni ya biashara, jeshi ni dogo, na mgeni hupata nafasi ya kujifunza meli, makarani na hisa bila kubebeshwa dola nzima. Mkishaizoea nendeni kwenye ile ya mwaka 1758, ambapo vita vya Plassey vya mwaka 1757, ambavyo Kampuni ilimshinda mtawala wa Bengal, vimekwisha kuibadili Kampuni, na mvuto wa kushika ardhi hushindana na mvuto wa kuuza bidhaa. Hapo ofisi ya jeshi, ambayo katika hali ya kwanza watu waliikwepa, hugombewa.

Ile ya mwaka 1813 iacheni hadi kundi lenu liwe limekomaa. Mwaka huo Bunge liliondoa haki ya pekee ya Kampuni katika biashara ya India, isipokuwa chai na biashara ya China, na katika mchezo familia zinaweza kuanzisha nyumba zao za biashara zinazoshindana na Kampuni ile ile ambayo ndugu zao wanaitumikia. Rais wa Bombay anaweza kujikuta akishindana na meli za shangazi yake mwenyewe. Mapatano huongezeka maradufu, na hoja zote mlizozizoea kuhusu faida ya hazina ya pamoja lazima zijengwe upya, kwa kuwa sasa kila mtu ana mahali pengine pa kupeleka fedha zake.